Nani Aliyelaza Maji?

Jumatatu, saa moja kamili asubuhi, muuguzi mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Sista alitia mguu kwenye bwawa la nyumbani kwake, akautoa haraka. Ngazi iliteleza. Maji yaliyokuwa yakimeremeta sasa yalikuwa ya kijani hafifu, yametulia kama yamelala yanaota kuwa majani. Tangu kiharusi kimpoozeshe upande wa kushoto, bwawa hilo la maji ya chumvi ndilo pekee lililomfanya ajione mzima. Akampigia fundi.

Fundi wa mabwawa alifika saa tatu na robo akiwa na kisanduku cha chupa ndogondogo. Watu walimwita Mama Matone, kwa sababu hakuamini neno la mtu mpaka tone lake litoe rangi.

"Klorini sifuri nukta tatu," alisema. "Haitakiwi kushuka chini ya moja."

"Chumvi imeisha?" Sista aliuliza.

"Chumvi ipo ya kutosha. Lakini chumvi peke yake haisafishi, Sista. Mtambo ndio unaoigeuza kuwa klorini, tena pampu ikiwa inazunguka tu. Hapo katikati kuna kitu kimeingia. Au mtu."

"Mtu gani zaidi ya huyo?" Mume wake, mwalimu mstaafu, alimnyooshea kidole mtunza bustani. "Ufunguo wa chumba cha pampu anashinda nao kiunoni. Na mbolea yake anaiweka humo humo."

Mkasi ulimponyoka mtunza bustani. "Mwalimu, miaka sita niko hapa..."

"Kama ni wewe," alisema Sista, "leo ndiyo siku yako ya mwisho."

 Mama Matone aliingia chumba cha pampu. Gunia la mbolea bado lilikuwa limeshonwa mdomo, vumbi juu yake halijaguswa. Akafungua mtambo, akachomoa sahani zake na kuziinua kwenye mwanga: safi, hazina hata ukoko wa chokaa. Akazirudisha, akawasha pampu kwa mkono. Baada ya dakika tano, mapovu membamba yalipanda nyuma ya kifuniko cha kioo, meupe kama maziwa. Mtambo ulikuwa mzima wa afya.

Akarudi nje na daftari lake.

"Unafika saa ngapi?" alimuuliza mtunza bustani.

"Saa tatu. Naondoka saa tisa."

"Pampu unaisikia?"

"Zamani, ndiyo. Siku hizi nikifika ni kimya, nasikia ndege tu. Nilidhani mmebadilisha utaratibu. Nani aniulize mimi?"

"Siku hizi, tangu lini?"

"Kama wiki tatu."

Mama Matone akamgeukia Mwalimu, aliyekuwa amejiegemeza kitini kando ya maji. "Na wewe?"

"Mimi nakaa hapa kila siku kuanzia saa nane mchana. Mvumo wa pampu ndio unaonibembeleza. Jana tu umenilaza."

Mama Matone alifunga daftari. Akamwita Sista chumba cha pampu, akamwonyesha saa ya kuwashia na kuzima pampu, yenye meno madogo pembeni.

"Zamani ilizima saa kumi jioni. Sasa inawasha saa kumi na mbili asubuhi, inazima saa mbili."

"Lakini mimi naisikia kila siku!"

"Kwa sababu unaogelea saa moja. Aliyeigusa anaijua ratiba yako. Baada ya hapo jua linakula klorini mchana kutwa, na hakuna inayotengenezwa." Akatoka, akasimama mbele ya Mwalimu. "Jana saa nane pampu ilikuwa imezimwa kwa saa sita nzima. Ni mvumo gani uliokulaza?"

Mwanga wa maji ulicheza taratibu kwenye dari ya baraza. Mwalimu alimgeukia Sista, aliyekuwa ametoka nyuma ya fundi.

"Siku ile, wiki tatu sasa, ulizama ukakawia," alimwambia mkewe. "Nilisimama hapa nikahesabu mpaka arobaini. Sijui kuogelea. Nilikuona kule chini, maji safi kabisa, na miguu yangu ikakataa. Halafu ukaibuka unacheka. Tangu siku hiyo silali. Nikasema, maji yakichafuka hataingia. Nikachukua ufunguo wa akiba, nikasogeza meno ya saa."

"Si ungeniambia?"

"Ungeacha kwa ajili yangu, ukanyong'onyea. Nilitaka bwawa ndilo likukataze, si mimi."

"Ukamtupia lawama mtu asiye na kosa."

Mwalimu aliinuka, akamwendea mtunza bustani. "Nisamehe. Niliogopa, nikakutanguliza wewe."

Mtunza bustani aliokota mkasi wake, akaufuta nyasi. "Yamekwisha, Mwalimu. Ila usirudie."

Sista alikuwa ameketi ukingoni. "Kule chini," alisema polepole, "huu mguu unanisikia. Huku juu haunisikii. Ndiyo maana nilichelewa kuibuka."

 Mwalimu akakaa karibu naye.

Mama Matone alirudisha meno ya saa mahali pake, akamimina klorini ya kuanzia, akakataza mtu kuingia hadi apime tena.

Alhamisi, saa kumi jioni, tone lake liligeuka waridi: mbili nukta moja. Vigae vya chini vilionekana kimoja kimoja. Sista akaingia kwanza. Mwalimu akafuata kwa kaptura, ngazi baada ya ngazi, mpaka maji yakamfika kifuani, mikono yote miwili ikiwa imeng'ang'ania bomba la pembeni.

"Pumua," Sista alimwambia. "Sasa achia mkono mmoja."

"Bado," alisema.

Hakuna aliyemharakisha.