Gari Lililokataa Kutulia

Taa za njia panda zilipogeuka nyekundu, gari kuukuu la fundi cherehani lilitetemeka kama mwenye homa, likazima. Honi zikamvaa kwa nyuma. Shati lake jeupe, alilolipiga pasi mwenyewe, likalowa jasho.

Mwanamke mwenye ovaroli ya buluu, mikono imekunjwa hadi viwikoni na kitambaa chekundu kichwani, akainama dirishani.

"Kaka, washa. Usikanyage mafuta."

"Nisipokanyaga linazima, dada."

"Acha lizime, nilisikie. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Alikuwa fundi wa magari kwenye gereji ya baba yake, mtaa wa pili tu. Wakalisukuma pamoja hadi huko.

Basi gari likawa sababu ya kuonana. Leo plagi, kesho chujio la mafuta. Simu nazo zikaanza.

"Umekula, fundi wangu?"

"Nimekula vumbi. Wewe je?"

"Nimekula uzi."

Moyoni mwanamume alishaamua: atamwomba uchumba ndani ya gari hilohilo, alilorithi kwa mama yake. Lakini kila akifika kwenye "Nataka tu...", gari linazima, na mwenzake keshatoka kufungua boneti.

"Nipe muda," alisema mwanamke. "Mafuta yanafika, moto upo. Sitaliacha mpaka litulie."

Mwanamume akashindwa kungoja. Akalipeleka kwa siri gereji nyingine, litulie, amshtukize. Huko wakakaza skrubu ya kabureta, pale hewa na mafuta vinapochanganyika, likanguruma kama lori, wakasema limepona. Binti wa watu akapita, akaliona huko.

"Kumbe mikono yangu huiamini," alisema kwenye simu.

"Kipenzi, sikiliza..."

"Kamsikilize fundi wako mpya." Akakata.

Gari likawa linakunywa mafuta kama mlevi, na likazidi kuzima. Mwanamume akalisukuma peke yake hadi gereji ya yule mwanamke, shati limejaa grisi.

"Nilitaka nikuulize jambo bila hili gari kutukatiza. Nimekosa."

Mwanamke alikuwa bado na hasira, ila kazi ni kazi. "Washa."

Akailegeza ile skrubu, injini ikaanza kufa. Akafunika nusu ya mdomo wa kabureta kwa kiganja. Ajabu, ikapata nguvu!

"Hewa imezidi. Kuna mahali linavuta hewa ya wizi," alinong'ona.

Akapaka maji ya sabuni kwenye mipira ya kupitisha hewa, mmoja mmoja. Chini ya kabureta, upande usioonekana, povu likanyonywa ndani. Ufa mwembamba kama unywele! Akafunga mpira mpya, akaweka kikombe cha maji juu ya boneti. Halikumwagika hata tone.

"Haya, uliza."

"Nataka nikuoe. Unasemaje?"

Mwanamke alifuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja. Injini ikaunguruma polepole, ikingoja naye.

Baba yake akatoa kichwa chini ya gari jingine. "Binti yangu, mjibu mwenzio, mafuta yanaungua!"

"Nimekubali."

Mwanamume akanyoosha mkono kuzima gari. Mwanamke akaushika mkono ule.

"Liache," alisema. "Nimelihangaikia mno. Wacha nilisikilize kidogo."