Kilio cha Shangazi kwenye Mdomo wa Paka

"Itoe sauti ile, kaka!"

"Siitoi."

"Kile ni kilio cha shangazi. Kilio cha msiba! Umekiweka kwenye mdomo wa paka aliyebanwa mkia mlangoni, watoto wanacheka mpaka wanagaragara."

"Si ndiyo kazi yake? Ulitaka nikiweke wapi, kabatini?"

Mchoraji alimtazama kaka yake, asiamini. Yeye ndiye aliyemchora yule paka. Sauti zote za katuni zao zilitiwa na kaka yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Kelele. Alizitengenezea kwenye chumba cha uani, nyuma ya nyumba yake, kuta zikiwa zimefunikwa magodoro.

Kelele aliwadharau watu wote wenye hisia. Kwake, hisia zilikaa kwenye rafu. Woga? Kiti kikuukuu cha ngozi, ukikikalia polepole. Mapenzi? Kengele ndogo. Huzuni? Puto lililolowa maji, lisugue kwa kidole gumba. "Watu wanajifanya tu wana moyo," alikuwa akisema. "Wapigie filimbi yenye mlio unaoshuka, utawaona wanatafuta leso."

Hata kwenye mazishi ya mtoto wa pekee wa shangazi yao, alikaa pembeni na kinasa sauti ndani ya koti, amebetua midomo. Huyu analia puani. Yule anajilazimisha. Ni kilio cha shangazi peke yake kilichomridhisha. Akaondoka nacho kama mwizi wa kuku.

Tangu yule paka aanze kuonyeshwa, shangazi hakulia tena. Si kwamba alipoa. Alifungua mdomo, mishipa ya shingo ikamtutumka, machozi yakatiririka...

Sauti haitoki.

"Mzaha mzaha hutumbua usaha," mchoraji alisema. "Na mkeo yuko chumbani na mkunga, uchungu wa mtoto wa kwanza. Siku kama ya leo mtu huomba radhi."

"Nimwogope shangazi? Yule hata mboga kuitia chumvi hajui, ataujulia wapi uchawi?"

Jua lilikuwa linazama. Mlango wa chumba ukafunguka. Bawaba zake Kelele aliziacha zishike kutu makusudi, kwa ajili ya kazi, na siku zote zilipiga kelele kama nguruwe.

Jioni ile hazikulia.

Shangazi alisimama kizingitini, amejitanda nguo nyeusi. Harufu ya udongo mbichi ikaingia pamoja naye.

"Mwanangu," alinong'ona. "Nirudishie. Nataka kumlilia mtoto wangu."

Kelele akacheka. Badala ya kujibu, akabonyeza kitufe. Paka akapiga ukelele kwenye spika. Shangazi akafungua mdomo pamoja naye, sawia, na alipoufunga, paka akanyamaza.

Kelele hakuwa amegusa kitufe tena.

"Mnaendana kweli!" alisema. "Basi, shangazi, nisikutoe mikono mitupu. Sauti humu zimejaa tele. Chagua uende nayo."

"Kaka, nyamaza!"

"Yoyote?" shangazi aliuliza.

"Yoyote iliyomo nyumba hii. Na ukishaichukua, usinisumbue tena."

Shangazi hakuitazama rafu. Aliutazama ukuta, upande wa chumba alimokuwa mke wa Kelele na mkunga. Kisha akainamisha kichwa kama mtu anayeshukuru, akatoka.

Taa nyekundu ya mashine ya kunasia sauti ikawaka yenyewe. Mshale wa kupimia sauti ukapanda... ukapanda... Spika kimya. Chumba kimya. Na kule nyumbani, mkewe aliyekuwa akigumia tangu alasiri, naye kimya.

Kelele aliuvuka ua mbio.

Mkunga alikuwa amempakata mtoto wa kike, mnene, anarusha miguu. Anapumua vizuri. Mdomo wazi, ulimi unatetemeka, uso umeiva kwa kilio.

Kimya.

Mkunga akamfinya unyayo. Mtoto akazidi kupanua mdomo.

"Analia," mkunga alinong'ona. "Analia huyu, mwangalie! Mbona simsikii?"

"Mwanangu yuko wapi?" mama yake aliuliza kitandani. "Niambieni! Mbona halii?"

Sikio la kufa halisikii dawa, lakini la Kelele sasa lilisikia. Alirudi uani akajikwaa, akakifuta kile kilio cha shangazi kila mahali alipokihifadhi. Akarudi chumbani kwa mkewe. Mdomo wa mtoto ulikuwa bado wazi.

Ndipo akakisikia. Chembamba. Kibichi. Kilio cha kichanga kilichozaliwa sasa hivi.

Kilitokea mlango wa mbele.

Shangazi alikuwa ameushika mwimo kwa mikono miwili, machozi yamemlowesha mpaka kifuani, na kutoka kwenye koo lile la kizee kilitoka kilio cha mtoto mchanga. Kati ya kwikwi na kwikwi alilitaja jina la marehemu wake.

Kelele akapiga magoti. Hakuna mtu aliyewahi kumwona amepiga magoti.

"Nimekifuta, shangazi! Chukua chako, nipe cha mwanangu!"

Shangazi alijipangusa mashavu. Aliongea taratibu, kwa sauti yake ya kawaida, kama mtu aliyepata usingizi baada ya kukesha siku nyingi.

"Ulichokifuta kimeshapotea, mwanangu, kwako na kwangu. Hiki ni kidogo, lakini kitanifaa. Msiba wangu bado mrefu."