Mayai ya Banda la Kitambaa Chekundu

Mama alimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Kila asubuhi kabla ya shule aliokota mayai huku akipiga soga na kuku, kisha akayapeleka kwa wateja wa mtaani.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na mabanda mawili. Wiki hiyo kuku wa banda la pili walikuwa wakinyweshwa dawa, na mama alikuwa amefunga kitambaa chekundu mlangoni. Mayai ya humo yalifukiwa shimoni mpaka zipite siku alizotaja daktari wa mifugo.

"Kuku akinywa dawa, sehemu ya dawa hiyo inaingia kwenye yai," mama alimweleza. "Na kuchemsha hakuiondoi yote."

Asubuhi moja ya wiki hiyo Chiriku alikuwa akitoka banda la kwanza na trei, akirukaruka, akateleza kwenye maji aliyoyamwaga mwenyewe. Mayai yote yakapasuka. Juzi tu alikuwa amevunja mengine, na mama alimwonya vikali. Akatazama huku na huku. Mama alikuwa bado anaoga. Chiriku akaingia banda la kitambaa chekundu, akajaza trei upya. Mayai yalifanana kabisa na yale ya kwanza.

Mteja wa asubuhi hiyo alikuwa jirani yao Mama Bosi, fundi cherehani. Mwanawe mdogo walimwita Bosi, kwa jinsi alivyowaamrisha watu wazima.

"Afadhali umekuja," fundi alisema. "Bosi akiamka namchemshia moja. Tangu ile dawa ya hospitali imvimbishe uso, kila anachokula nakiangalia mara mbili. Ila kwenu sina wasiwasi."

"Haya," Chiriku alijibu, akaiweka trei mezani, akaondoka.

Njiani alikumbuka mama akisema kwamba dawa waliyopewa kuku ni ya jamii moja na ile iliyomdhuru Bosi. Alijiambia yai moja halina neno. Kisha akauona ule uso mdogo umevimba, macho hayafunguki. Alipofika kwenye geti la shule aligeuka, akakimbia kurudi kwa fundi.

Bosi alikuwa mezani, yai lililomenywa mkononi. Chiriku akampokonya.

"Yangu! Lete!" Bosi akaangua kilio.

"Una wazimu wewe?" fundi aliuliza, akaacha cherehani.

"Mama Bosi, ameshaliuma?"

"Bado. Kuna nini?"

Chiriku akasema yote, machozi yakimtiririka. Fundi alimnawisha mtoto mikono, akamchungulia mdomoni, kisha akaenda kumwita mama yake Chiriku.

Mama alikuja nywele zikiwa bado mbichi. Hakumgombeza. Alimtazama fundi na kusema, "Naomba utusamehe, jirani. Tumekukosea." Chiriku aliona afadhali angechapwa. Kosa lilikuwa lake peke yake, na mama alikuwa analibeba mbele za watu. Wakayachukua mayai yale yote, wakayafukia.

Kesho yake Chiriku alirudi kwa fundi na trei nyingine. Fundi alisimama mlangoni.

"Haya ni ya banda lipi?"

Hakuwahi kuuliza swali hilo hata siku moja. Chiriku alisikia masikio yakimwaka.

"La kwanza, Mama Bosi. La pili bado lina kitambaa."

Fundi akaipokea trei.

"Mama, Mama Bosi ameniuliza mayai ni ya banda lipi. Ataniuliza hivyo mpaka lini?" Chiriku alisema aliporudi nyumbani.

"Hilo ataamua yeye," mama alijibu. "Yai hakuna anayeliona ndani, mwanangu. Wewe umeona limetoka wapi, yeye hakuona, kwa hiyo analisha mtoto wake kwa kuamini neno lako. Ukivunja trei nzima njoo uniambie. Nitakasirika, halafu yataisha. Bosi angeumia, hasira zangu zingemsaidia nini?"

Chiriku alichukua tambara, akaenda kukausha maji aliyoyamwaga tena asubuhi hiyo kwenye sakafu ya banda.