Nani Amemwona Perpétue?

Kengele haikuwepo. Mlingoti wake ulikuwa umebaki peke yake kwenye nyasi, kama mzee aliyenyang'anywa kofia mbele ya wakwe.

Inspekta Zainah aliuzunguka polepole. Nyuma yake, pale kwenye gesti iliyo juu ya kilima cha Rwekubo, wanajeshi wastaafu walikuwa wamesimama na bereti zao na nyuso za matanga. Kikosi chao kilipigana zamani chini ya bendera zaidi ya moja, na leo hakuna bendera hata moja inayotaka kukikumbuka. Kwa hiyo kila mwaka wanajikumbuka wenyewe, wikendi nzima: nyama, bia, nyimbo za mchakamchaka, na uongo wa vitani. Ila Jumamosi hii asubuhi hata uongo ulikuwa umekauka.

"Hiyo kengele ni roho ya kikosi," alisema Kapteni mstaafu Mbabazi, mwenyekiti wao. "Ikilia, tunakusanyika. Mimi nataka mwizi leo leo, nyabo. Nimeshaongea na bosi yako Mbarara."

"Najua, mzee. Amenipigia hata chai sijanywa."

"Sasa unangoja nini?"

"Kengele mliipata wapi?"

"Ni ya kikosi."

"Nimeuliza wapi."

"Ya zamani hiyo," alisema Kapteni, akaanza kurekebisha bereti ambayo haikuwa na shida yoyote.

Zainah aliinama. Kwenye mbao nyeusi za mlingoti kulikuwa na alama za vidole, nyeupe, safi kabisa. Poda ya kuchukulia alama haikuhitajika. Mwizi alikuja na yake. Alizinusa.

"Unga wa posho," alimwambia Konstebo Nasif. "Mwizi katoka jikoni. Nani wanapika hapa?"

"Wamama wa kambi ya Nakivale, afande. Wakimbizi wa Kongo. Asubuhi hawakuonekana."

"Niletee mlinzi."

Mlinzi, jina lake Muhire, alikuja akasimama wima kama bunduki, maana wazee walikuwa wanamkodolea macho.

"Ulilala?"

"Hapana, afande."

"Muhire."

"Kidogo, afande."

"Na pale ulipokuwa hujalala, ulisikia nini?"

"Mwanamke analia. Anasema, 'Perpétue, twende kwetu. Perpétue, umeteseka sana.'"

"Ukafanya nini?"

"Nikasema hayo ni mambo ya wanawake, nikarudi... nikaendelea kulinda."

Meneja wa gesti alitaja majina ya wapishi wake wote. Perpétue hakuwemo. Basi Zainah akaona picha nzima: wapishi walimwingiza mwenzao kwa siri. Mkamate Perpétue, umeikamata kengele.

Hapo alikuwa sahihi kuliko alivyojua.

Sokoni Nakivale, Zainah alisimama kwa mama mmoja muuza ndagala, vile visamaki vikavu. Wateja walikuwa wanamwita Georgette.

"Jambo, mama. Namtafuta Perpétue."

Uso wa Georgette ukafunguka. "Perpétue! Hata ba polisi banakuya kumusalimia?"

"Unamjua?"

"Nani hamujue? Nikiwa mutoto, kila asubui njo alikuwa anatuamusha."

"Amefika lini?"

"Leo, alfajiri. Tulilia mingi, Madame! Tangu vita hatukumuona."

"Anafananaje?"

"Muzito! Batu bane njo banamubeba."

"Mgonjwa?"

"Eko na ufa kidogo ku mudomo. Lakini sauti? Sauti ni ile ile."

Zainah aliandika: mnene, mdomo umepasuka, ana kelele.

"Ana mume?"

Georgette alicheka mpaka ndagala zikamwagika. "Madame! Yeye ni wa kanisa."

Zainah akaongeza: mtawa.

"Mtawa mwizi," alisema Nasif. "Dunia imekwisha, afande."

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Kule juu, ku kanisa. Apolline eko naye. Hawezi kumuacha."

Ndani ya gari Nasif alikohoa.

"Afande, nadhani huyo Perpétue nimemwona."

"Wapi?"

"Kwenye kizuizi cha barabarani, alfajiri. Mama mmoja kwenye bodaboda amemshikilia mgonjwa, amefunikwa kitenge kichwa mpaka miguu. Nikauliza ana nini. Akasema homa, hata kuongea hawezi."

"Ukafanya nini?"

"Nikampa pole."

"Tu?"

"Na nikasukuma pikipiki ipande kilima."

Zainah aliangalia dirishani. Kuna mambo ambayo hayaandikwi kwenye ripoti ya polisi.

Kanisa lilikuwa la matofali ya udongo na paa la turubai. Wanawake walikuwa wamejaa mlangoni. Ndani, kwenye mkeka, mtu mfupi na mpana alikuwa amelala chini ya kitenge. Pembeni yake alikaa mama wa miaka thelathini na kitu, mikono ya blauzi bado ina unga.

"Perpétue, amka. Polisi," alisema Zainah.

Hakuamka. Zainah alishika pindo la kitenge, akavuta.

Shaba tupu. Ukingoni kuna ufa, na shingoni herufi zimechongwa: PERPÉTUE.

Zainah, mtoto wa madrasa Mbarara, alimgeukia Nasif. Nasif, wa madrasa ile ile, alimgeukia Zainah.

"Kengele ina jina?"

"Padiri anaibatiza," alisema yule mama. "Maji, mafuta, jina. Mama ya mama yangu njo alikuwa mama yake wa ubatizo."

"Wewe ndiye Apolline?"

"Ni miye."

"Umeiba kengele ya watu."

"Siyo kuiba. Nilimurudisha."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Uongo!" mtu akapaza sauti mlangoni. "Na miye nilibeba!"

"Na miye!"

"Munyamaze!" Apolline alifoka. "Madame, andika Apolline tu."

"Kwa nini ulifanya hivi?"

Apolline alipangusa unga mikononi. "Papa yangu, Appolinaire, njo alikuwa anamupiga. Siku basoda balikuya, batu balikimbia. Papa hakukimbia. Alimupiga Perpétue mpaka batu bote balifika mu pori. Tuko bazima juu ya ile sauti. Papa balimuua pale pale, kamba mu mukono." Akaweka mkono juu ya kengele. "Jana niko nakoroga bukari, nikamusikia. Nilimujua mbele ya kugeuka. Na banamupiga juu ya nini? Kuita balevi ku bia!"

Zainah alishusha kalamu. Sheria aliijua. Mkimbizi mwenye kesi ya wizi anaozea rumande, na kielelezo kinarudi kwa mlalamikaji mwenye namba ya bosi.

"Mama, nikiandika hivyo, wewe unaenda jela na kengele inarudi Rwekubo."

"Miye munifunge. Yeye hatoki." Na Apolline akapanda juu ya kengele, akakaa, akakunja mikono.

Nje, gari lilifunga breki. Kapteni Mbabazi, aliyekuwa amelifuata gari la polisi, aliingia bila kuvua bereti.

"Vizuri sana! Nasif, pakia hiyo kitu."

"Taratibu, mzee," alisema Zainah. "Maelezo yako bado. Mlalamikaji anaeleza mali aliipataje. Uliinunua?"

"Vita haina risiti."

"Kwa hiyo?"

"Niliichukua! Mimi mwenyewe nilikata kamba. Adui walikuwa wanatoroka sababu ya kelele yake."

"Adui gani?" aliuliza Apolline kutoka juu ya kengele. "Miye nilikuwa na miaka tisa."

Zainah alikuwa ameinua kalamu tena, anaandika.

"Ulikata kamba. Na aliyekuwa ameishika?"

"Ilikuwa vita."

"Sijauliza ilikuwa nini. Aliyeishika kamba alifanywa nini?"

Mshipa ulimtoka Kapteni shingoni. "Nilimwambia aache! Nilimwambia vizuri! Akaniangalia hivi, machoni, akavuta tena. Mbele ya vijana wangu! Raia tu, na kandambili zake, ananidharau mbele ya vijana wangu! Wewe ungefanya nini?"

"Ulifanya nini wewe?"

"Nilimpiga risasi! Akaacha!"

Neno likatoka, likakosa pa kurudi. Kapteni alitazama mlangoni. Mlango ulikuwa umejaa wanawake, na hakuna aliyesogea.

"Nafuta malalamiko," alisema, sauti imekuwa ndogo. "Wabaki nayo."

"Ya kengele, futa. Ya Appolinaire si yako kufuta. Nasif, pingu."

"Utanifunga wewe? Kwa vita ya Kongo?"

"Labda kortini nitashindwa, mzee. Lakini leo unaenda kuulizwa."

Simu ya Zainah ikalia. Bosi, kutoka Mbarara.

"Kengele imepatikana?"

"Imepatikana, afande. Iko kwao."

"Na mwizi? Umemkamata?"

"Nimemkamata. Amekiri mbele ya kanisa zima."

"Safi! Nani?"

"Rafiki yako, afande. Na wizi ndio kosa lake dogo."