Mfuniko wa Renata

Radieta ya kupashia chumba joto iligonga gizani, ko, ko, ko. Asubuhi za Januari mjini Akron huchelewa kupambazuka. Renata alikuwa bado chini ya blanketi na binti yake Junie simu ilipolia.

"Lyle? Mbona mapema, mpenzi?"

"Usiniite mpenzi. Nani kaifunika chupa yangu?"

Renata akakaa kitako. Yeye ndiye fundi wa maabara anamofanyia Lyle utafiti. Kila jioni hufunika chupa zilizo wazi, ndiyo sheria.

"Mimi. Ilikuwa inanuka."

"Ile karatasi ya mdomoni pa chupa niliitoboa kwa sindano kusudi, Ren! Kiyeyusho kitoke polepole siku tatu, kila tone la mafuta lijigawe pande mbili. Taa nayo niliitega iwake alfajiri, izigandishe chembe. Zimeganda hivyo hivyo, zimejaa, uso mmoja!"

Mwaka mzima Lyle alikuwa akihangaikia chembe za plastiki zenye uwazi ndani, upande mmoja ukipenda maji, wa pili mafuta. Ijumaa wangekuja wageni wa Toronto kuziona, na wakiridhika wangemwajiri kwao.

"Ulijua nikifaulu naondoka. Umefanya makusudi."

"Lyle Petrak! Mimi nikuzibie riziki?"

Simu ilikuwa imeshakatwa.

Angejitetea vipi? Kila siku alikuwa akimwomba Mungu Lyle abaki.

Siku zilizofuata Lyle hakukanyaga maabara. Renata akafungua daftari la Lyle, akachanganya mafuta na maji mwenyewe, akatoboa karatasi, akangoja siku tatu bila kuigusa. Akawasha taa. Kisha akayaosha mafuta ya ndani kwa spiriti, kidogo kidogo, maganda yasije yakabonyea.

"Njoo uone," akamwambia kwenye simu.

Lyle akaja na koti lake la kahawia, lenye doa la kahawa ambayo Renata alimmwagia kwenye foleni ya mkahawa siku waliyokutana. Akainamia darubini. Hakuinuka upesi.

"Umenitengenezea wewe?"

"Sasa nenda zako, kichwa ngumu."

"Nisamehe, Ren. Twende wote."

"Na masomo yangu ya jioni? Na mama yangu, nimwachie nani?"

"Nitakupigia kila siku."

"Utapiga," Renata akasema, akimfunga skafu, maana mikono yake haikuwa na kazi nyingine.

Wageni waliridhika. Jumamosi gari la Lyle likakata kona, likapotea kwenye theluji. Renata akabaki dirishani, pumzi yake ikitia ukungu kwenye kioo. Junie akaja nyuma yake, ameshika kitu kifuani.

"Mama, Lyle amesahau glavu zake."