Mchoro Mbele ya Jiwe la Panya

Kila Jumamosi Chinami, mwanafunzi wa darasa la saba mjini Kanazawa, Japani, alibadili viatu mlangoni, akafunga nywele, akaketi kwenye hadubini na wenzake wa klabu ya sayansi. Siku hiyo kila mmoja alipewa slaidi yenye kipande cha ubongo wa panya, chembamba kuliko karatasi, achore seli moja ya neva. Kesho yake michoro ingewekwa kwenye jiwe la shukrani, wanapokumbukwa wanyama waliokufa maabarani.

Chinami aliona ukungu wa manjano tu. Akazungusha kirungu cha kushushia lenzi, akazungusha tena. Krak! Lenzi ilishuka mpaka ikapasua kioo cha slaidi.

Slaidi nyingine hakuna, na panya ndiye huyo keshakufa. Akairudisha iliyopasuka kisandukuni kimyakimya, akafungua kitabu, akanakili seli nzuri yenye matawi tele.

"We Chinami, hiyo seli au mti wa plamu?" Ryohei, mwenzake wa klabu, akamtania. "Mbona yangu ina miiba kama samaki?"

"Kale samaki wako huko!"

Jumapili, ubani ukifuka mbele ya jiwe, Ryohei aliinama. "Nimeona seli inayopokea habari kwa matawi na kuzipeleka mbali kwa mkia mrefu. Asante, panya."

Zamu ya Chinami ilipofika, aliweka mchoro wake mbele ya jiwe. Mwalimu Hoshino, msimamizi wa klabu, aliutazama.

"Seli kama hii hukaa ubongo wa nyuma, kisogoni. Kipande chako kilitoka mbele. Imefikaje huko?"

"Sikuiona, Mwalimu. Nilivunja kioo, nikanakili." Machozi yakamtoka. "Sasa nifanyeje? Panya harudi."

"Harudi," alisema Mwalimu, wala hakumbembeleza.

Wakarudi kwenye hadubini wawili tu, wakaitoa kisandukuni slaidi iliyopasuka. Mwalimu alishusha lenzi akiitazama kwa pembeni, kisha Chinami akaipandisha polepole. Seli nyeusi ikajitokeza: mwili wa pembetatu, matawi yenye miiba midogo, mkia ukishuka hadi kwenye ufa, ukapotea.

"Nimalizie mkia, Mwalimu? Najua unakoelekea."

"Umeuona?"

"Hapana."

"Basi komea kwenye ufa. Kuvunja kioo ni ajali, mwanangu, hata mimi nimevunja. Ila ukificha na kubuni, wanaokuamini watajifunza uongo, na panya atakuwa amekufa bure."

Chinami akachora mkia mpaka ukingoni mwa ufa, akainua penseli.