Maji ya Sabato

Kila mwezi Mama aliniketisha mezani nimwandikie kaka yangu Torquil, aliyehamia Kanada. Barua zetu zilikuwa na mafungu matatu, siku zote. Kwanza habari za nyumbani. Pili afya. Tatu kanisa, na hapo ndipo karatasi ilipoishia, maana Baba alikuwa mzee wa kanisa na alitaka kila hubiri litajwe.

Mwaka ule wa 1884 nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mdogo wangu Marsali alikuwa na saba. Mdomo wake, jamani! Haukupumzika hata akiwa usingizini.

Katika bonde letu, kaskazini mwa Uskoti, Sabato, yaani Jumapili, ilikuwa Sabato kweli. Jumamosi tulimenya viazi, tukang'arisha viatu, tukachota maji na kujaza pipa. Jumapili hata ndoo haikuguswa. Maji mazuri yalitoka kwenye chemchemi ya mlimani, mwendo wa nusu saa. Nyuma ya zizi kulikuwa na kisima kifupi, chini kidogo ya lundo la samadi. Hicho kilikuwa cha kuoshea viatu na miguu ya ng'ombe. Kila mtu alijua hivyo. Hata mimi nilijua.

Mwezi wa Julai likafika juma la Meza ya Bwana. Huanza Alhamisi na kuisha Jumatatu, na watu huja kwa miguu kutoka mbali. Nyumba yetu ilipokea wageni kumi na mmoja. Baba alijivunia sana, ingawa mwenyewe alisema ni shukrani.

Jumapili jioni Baba aliuliza maswali ya katekisimu mbele ya wageni.

"Marsali, siku ya Sabato zinaruhusiwa kazi gani?"

"Kazi za lazima na kazi za huruma, Baba!" akajibu bila hata kuvuta pumzi.

"Ehee! Huyu atamfundisha mchungaji," akasema mgeni mmoja, na wote wakacheka.

Baada ya hapo Marsali akanivuta aproni. "Dada Effie, nina kiu."

Tulikuwa tumekula samaki wa chumvi, na wageni walikuwa wamemaliza pipa lote.

"Vumilia mpaka kesho."

"Kesho nitakuwa nimekauka kama samaki wa Mama."

Ningekwenda kwenye chemchemi. Lakini njia ilipita mbele za watu wote. Binti wa mzee wa kanisa, ndoo mkononi, siku ya Meza ya Bwana? Niliona aibu. Nikaenda nyuma ya zizi na kikombe, nikachota pale ambapo hakuna aliyeniona. Maji yalikuwa maangavu. Akayanywa yote.

"Yana ladha ya viatu," akasema, akacheka.

Wiki mbili zikapita. Marsali akaanza kuumwa kichwa, kisha homa ikapanda siku baada ya siku. Mama alifunga madirisha. Alimpa maji kijiko kimoja kimoja tu, maana wazee walituambia kwamba maji yanalisha homa. Siku ya kumi ilikuwa Jumapili. Asubuhi ile Marsali hakunitambua.

"Hector," Mama akamwambia Baba, "Nesi Geddes yuko ng'ambo ya mlima, maili nne tu. Mtume Effie."

"Leo ni Sabato, Seonaid. Tuombe. Kesho alfajiri nitakwenda mwenyewe."

"Na kama kesho ni mbali mno?"

Baba alipiga magoti kando ya kitanda, akaomba huku machozi yanamtoka. Nasema hili kwa sababu watu wakisikia habari hii hutaka kumchukia. Alimpenda yule mtoto kuliko alivyonipenda mimi, na mimi sikumwonea wivu.

Nesi Geddes alifika Jumatatu. Kwanza alifungua dirisha. Kisha akamtazama Marsali tumboni, akaona vidoa vyekundu.

"Hii ni homa ya matumbo. Alikunywa maji gani?"

"Ya chemchemi," akasema Mama. "Sisi hatunywi mengine."

"Si kweli," nikasema. "Mimi nilimpa ya kisima cha zizini. Sabato ile ya wageni."

Hakuna aliyenigombeza. Afadhali wangenigombeza.

"Na wageni walijisaidia wapi?" Nesi akauliza.

"Kule kule nyuma ya zizi," Mama akasema polepole. "Walikuwa wengi."

"Basi. Mmoja wao huenda alikuwa ametoka kuugua. Homa hii hutoka kwenye kinyesi cha mgonjwa, huingia majini, na maji huingia mdomoni. Kwa macho huoni kitu." Akamgeukia Baba. "Mbona hamkuniita jana?"

"Ilikuwa Sabato."

"Jana nilikuwa nyumbani, Mzee Hector, nimekaa. Jana mtoto alikuwa anameza. Ningemnywesha maji yaliyochemshwa, kidogo kidogo, mchana kutwa. Sisemi angepona. Nasema tungejaribu."

Mama alisimama mbele ya Baba. "Mwanao alijibu nini mbele ya wageni, Hector? Yale maswali ulimfundisha wewe."

Baba akafungua mdomo. "Kazi za lazima na kazi za..."

Marsali alikufa Jumatano, mchana. Katika barua ya mwezi ule niliandika mstari mmoja: homa imemchukua Marsali. Sikuandika zaidi.

Wiki iliyofuata Nesi alirudi kutufundisha, na Baba alimfuata kila hatua, kofia mkononi.

"Chimba choo kule, mbali na maji, upande wa chini wa mteremko. Maji ya kunywa yachemke mpaka yatokote, kisha yafunikwe. Nguo na shuka za mgonjwa zichemshwe. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kugusa chakula. Na mtu akiugua, niiteni siku hiyo hiyo. Siku yoyote!"

"Siku yoyote," Baba akarudia.

Kile kisima alikijaza mawe mwenyewe. Alikataa kusaidiwa.

Mwaka mmoja baadaye juma la Meza ya Bwana likarudi. Tulikuwa na wageni kumi na wanne na choo kipya. Jumapili alasiri pipa lilikauka tena. Nilimwona Baba akiinuka. Alivaa koti lake jeusi la kanisani, akachukua ndoo mbili, akatoka kupitia katikati ya njia, mbele za watu wote.

"He! Hector!" akaita Bi Baraball, jirani yetu mwenye ulimi. "Mzee mzima, na ndoo siku ya Bwana? Pepo gani limekupanda?"

"Kazi ya lazima, Bi Baraball. Alinifundisha binti yangu."

Nikachukua ndoo nyingine mbili, nikamfuata Baba. Tulirudi, tukachemsha, watu wakanywa. Mwaka ule hakuugua hata mmoja.

Mwisho wa mwezi Mama aliniketisha mezani. Niliandika habari za nyumbani: ng'ombe amezaa. Niliandika afya: hakuna homa, tunachemsha maji. Niliandika kanisa: Baba amechota maji siku ya Sabato.

"Basi, funga," Mama akasema.

"Bado, Mama."

Nikaandika: Torquil, mwaka jana sikukwambia. Kikombe cha maji ya kisima cha zizini nilimpa Marsali mimi. Chemchemi ilikuwa mwendo wa nusu saa tu, na miguu nilikuwa nayo.